Almasi ya karati 1.00 na ya karati 0.90: kwa nini ndogo iwe ghali zaidi?

Mwalimu wa Ilemela:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Ninatarajia kufunga ndoa mwishoni mwa mwaka huu, na mchumba wangu, ambaye si mtu wa makuu, ameomba jambo moja tu: pete yake iwe na almasi, hata kama ni ndogo. Babu yake alifanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui kwa miaka mingi na hakuwahi kumiliki hata punje ya mawe yaliyopita mikononi mwake. Nimeona ombi hilo lina haki yake, nikaanza kuweka akiba.

Sonara mmoja hapa Mwanza amenionyesha mawe mawili ya duara, yote yakiwa na vyeti vya GIA, ile taasisi ya Marekani inayopima ubora wa vito. La kwanza lina uzito wa karati 1.00, rangi yake ni J, usafi wake ni SI2, na mkato wake umewekwa katika daraja la tatu kati ya madaraja matano. Cheti kinasema pia kwamba linatoa mwanga wa buluu kwa nguvu, jambo ambalo sikulielewa. La pili lina karati 0.90, rangi G, usafi VS2, na mkato wa daraja la kwanza. Bei zao zimetofautiana kwa shilingi laki 3, na kilichonishangaza ni kwamba lililo ghali ni hilo dogo. Muuzaji ananisukuma nichukue kubwa, akidai kwamba mwanamke yeyote akiulizwa na wenzake atapenda kujibu "karati moja" kuliko "sifuri nukta tisa".

Mimi hufundisha hesabu na sipendi kulipia kitu nisichoweza kukipima. Naomba wenye ujuzi wanieleze herufi hizi zina maana gani kwa jicho la kawaida, na ni lipi kati yake ninaloweza kulisamehe bila kujuta.

Sonara Mstaafu:

Marahaba, mwalimu. Nimekaa kwenye meza ya usonara zaidi ya miaka thelathini, na swali lako nimelisikia kwa watu wengi, ingawa wengi hulileta wakiwa wamekwisha kulipa.

Nianze na karati, maana neno hili huwachanganya hata watu waliosoma. Tunapotaja dhahabu ya karati 18 tunazungumzia usafi wake, yaani sehemu 18 za dhahabu katika sehemu 24. Tunapotaja almasi ya karati 1 tunazungumzia uzito peke yake, na uzito huo ni gramu 0.2, hivyo karati tano hufanya gramu moja. Karati haisemi lolote kuhusu ubora wa jiwe, na wala haisemi jiwe litaonekana kubwa kiasi gani likiwa kidoleni. Mchumba wako hatavaa mizani, atavaa uso wa jiwe, na upana wa uso huo hupimwa kwa milimita.

Hapo ndipo mkato unapoingia. Kati ya mambo manne yaliyoandikwa kwenye cheti chako, rangi, usafi na uzito ni vitu ambavyo jiwe lilitoka navyo ardhini, ingawa mkataji ndiye anayeamua ni kiasi gani cha uzito kibaki. Mkato ni kazi ya binadamu. Almasi ya duara ya kawaida ina nyuso 57 au 58 zilizosuguliwa, na kila moja ni kioo kidogo. Pembe zake zikiwa sawa, mwanga huingia kwa juu, hugonga kuta za tumbo la jiwe, yaani sehemu yake ya chini, na kurudi ulikotoka, na huko kurudi ndiko tunakokuita kumeta. Tumbo likiwa refu mno, mwanga hutorokea pembeni na jiwe huwa na kiza katikati. Likiwa fupi mno, hutorokea chini na jiwe huonekana kama kipande cha kioo cha dirisha. Mwaka 1919 kijana mmoja wa ukoo wa wakataji almasi, Marcel Tolkowsky, alichapisha hesabu za pembe hizo, na wewe kama mwalimu wa hesabu ungezifurahia, kwa kuwa ni jiometria na sheria za mwanga tu.

Sasa jiulize kwa nini mkataji mwenye ujuzi akate jiwe vibaya. Mara nyingi hakukosea. Alikuwa na jiwe ghafi ambalo, kama angelikata kwa pembe nzuri, lingebaki na karati 0.92 au 0.94. Soko hulipa zaidi kwa namba kamili, kwa hiyo akaliachia tumbo nene na kiuno kinene, yaani ule ukingo unaolizunguka jiwe mahali lilipo pana zaidi, ili mizani isome 1.00. Uzito huo wa ziada umefichwa chini, mahali ambapo pete itaufunika. Sisemi kwamba jiwe lako lina hali hiyo, kwani sijaliona, lakini karati 1.00 kamili pamoja na mkato wa daraja la tatu ni jambo linalonifanya nivae miwani. Rudi dukani ukasome vipimo kwenye cheti. Karati 1 iliyokatwa vizuri huwa na upana wa karibu milimita 6.5, na karati 0.90 huwa na karibu milimita 6.2. Linganisha na ulichonacho, kisha utuambie.

Kuhusu rangi, alama huanzia D, ambayo haina rangi kabisa, na kushuka hadi Z, ambayo umanjano wake unaonekana wazi. Hakuna A, B wala C, kwa sababu herufi hizo zilikuwa zimetumiwa ovyo katika mitindo ya zamani, na waliotunga mpangilio mpya walitaka kuanza upya. G na J zote zinahesabiwa kuwa karibu hazina rangi. Zikiwekwa kifudifudi kwenye karatasi nyeupe utaiona tofauti, lakini kwenye pete ya dhahabu ya njano J huonekana nyeupe tu, kwa kuwa umanjano wake hafifu hupotea kando ya njano ya dhahabu. Kama pete itakuwa ya dhahabu nyeupe au platinamu, hapo J inaweza kujifichua.

Usafi nao huangaliwa kwa lenzi inayokuza mara 10. VS2 ina madoa ambayo hata mimi ningehitaji muda kidogo kuyatafuta. SI2 ina madoa yanayopatikana haraka kwa lenzi, na mara nyingine huonekana kwa macho matupu. Swali la maana ni doa liko wapi. Likiwa ukingoni, kucha ya pete inayolishikilia jiwe italifunika na hakuna atakayejua. Likiwa jeusi katikati ya meza ya jiwe, yaani uso wake bapa wa juu, utaliona kila asubuhi. Ukiambiwa ni ufa unaogusa kiuno cha jiwe, achana nalo hata kama ni rahisi, maana pete hugongwa milangoni na kwenye masufuria.

Umm Salim, Maskati:

Assalaam aleikum. Ninakubaliana na mzee kuhusu mkato, ila naona swali moja limerukwa, nalo ndilo ambalo huku Ghuba tunaliuliza kwanza siku hizi: je, mawe hayo ni ya ardhini au ya maabara?

Almasi ya maabara ni almasi kweli, wala haifanani na zile za bandia kama zirkonia. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifanikiwa kuitengeneza mwaka 1954, na leo hukuzwa kwa njia mbili, moja ya joto na mgandamizo mkubwa, nyingine ya gesi yenye kaboni inayojijenga tabaka juu ya tabaka ndani ya chemba. Ugumu ni uleule na kumeta ni kulekule, na kile kikalamu cha kupimia joto ambacho wauza vito hukitumia kitalia kwa zote mbili bila kubagua. Tofauti ipo kwenye bei, na bei ya za maabara imeporomoka vibaya katika miaka ya karibuni, kwa sababu anayetaka zaidi hutengeneza zaidi. Binti wa dada yangu alinunua ya karati 2 kwa furaha kubwa, na miaka miwili baadaye akaikuta dukani mpya, yenye alama zilezile, kwa chini ya nusu ya alichotoa. Hakuibiwa, kwani aliambiwa wazi tangu mwanzo kwamba ni ya maabara. Alichokosea ni kuihesabu kama akiba.

Siwapingi wanaozinunua. Ukiona uzuri unatosha na fedha zilizobaki zitajenga jiko, ni uamuzi wa busara. Ila katika kisa chako babu alichimba Mwadui, na sidhani mchumba wako anawazia chemba ya gesi. Soma juu ya cheti palipoandikwa aina ya jiwe, kisha mwambie muuzaji aandike kwenye risiti neno "asilia" kwa mkono wake. Anayesita kuliandika amekwisha kukujibu.

Mhasibu Kinondoni:

Nami nichangie kwa upande wa huo mwanga wa buluu, kwa kuwa niliponunua pete ya mke wangu nilionywa nikimbie jiwe lolote lenye alama hiyo. Niliambiwa kwamba almasi ya namna hiyo huwa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji, na kwamba haiuziki tena. Kwa hiyo, ndugu mwalimu, kwangu mimi jiwe kubwa limekwisha kujitoa lenyewe.

Sonara Mstaafu:

Ndugu Mhasibu, aliyekuonya hakukosa kabisa, lakini ametia chumvi. Almasi nyingi, pengine moja katika kila nne au zaidi, hutoa mwanga zikipigwa na miali ya urujuanimno, kama ile ya taa ya kukagulia noti benki, na mara nyingi mwanga huo ni wa buluu. Zinazopata ukungu kwa sababu hiyo ni chache mno. Buluu na manjano hupunguzana nguvu, kwa hiyo jiwe la J lenye buluu kali linaweza kuonekana jeupe zaidi likiwa juani. Ni kweli kwamba soko hulipunguzia bei, hasa mawe ya rangi ya juu ya D hadi F, na mnunuzi mjuzi huutumia upungufu huo kwa faida yake. Dawa yake ni moja: litoe jiwe nje mchana, lisogeze kivulini, ulitazame. Ukiona ukungu, liache. Usipouona, alama hiyo isikunyime usingizi. Mimi nina sababu nyingine za kulitilia shaka jiwe hilo kubwa, lakini hiyo si mojawapo.

Taa za dukani nazo uzitazame kwa jicho la tahadhari. Vile vitaa vidogo vikali vya darini hufanya hata chupa iliyovunjika imete. Almasi ijaribiwe kwenye mwanga wa dirishani, chini ya taa ya kawaida ya ofisi, na kivulini chini ya mti. Jiwe lililokatwa vizuri huwa hai katika hali zote tatu.

Mzawa wa Kishapu:

Mimi ni wa kutoka huko huko Mwadui na Maganzo, na ninaandika kwa sababu naona hatari ambayo mwalimu hajaitaja lakini bila shaka itamfikia. Ukishajulikana kwamba unatafuta almasi, atatokea mtu atakayekunong'oneza kwamba ana jiwe ghafi kutoka mgodini, la bei ya kutupa, na kwamba utakwenda kulikata mwenyewe. Usimsikilize. Kwa sheria zetu za madini, biashara ya mawe ghafi ni ya wenye leseni, na ndiyo maana kuna masoko ya madini ambako mawe hupimwa, hulipiwa mrabaha na kuandikwa. Ukikamatwa na jiwe lisilo na karatasi, maelezo kwamba ulikuwa unaoa hayatakusaidia. Mara nyingi hata almasi yenyewe huwa haipo. Nimeona watu wazima wakinunua kwazi, jiwe la kawaida tu, iliyosuguliwa na mchanga wa mto, na mwingine kipande cha chupa nene kilichokaa kwenye maji.

Tena asikuonyeshe cheti cha Mpango wa Kimberley akakuambia ni cheti cha ubora. Mpango ule ulioanza mwaka 2003 unahusu shehena za almasi ghafi zinazovuka mipaka, ili kuzuia fedha za mawe kununulia silaha za waasi. Hausemi lolote kuhusu rangi wala usafi, na jiwe lililokwisha kukatwa halimo ndani yake.

Kwa kuwa mada ni Mwadui, niongeze jambo ambalo wazee wetu hupenda kulitaja. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua mgodi ule mwaka 1940, na mwaka 1947 likapatikana hapo jiwe la waridi la karati zaidi ya 54, ambalo alimzawadia binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Lilipokatwa lilibaki na karati 23.6. Kwa hiyo mtu akikuambia rangi ni kasoro, mwulize ni rangi gani. Umanjano hafifu hushusha bei, waridi huipandisha hadi mawinguni. Babu wa mchumba wako atakuwa aliisikia hadithi hiyo mara nyingi.

Mwalimu wa Ilemela:

Nawashukuru sana nyote. Jana baada ya vipindi nilirudi dukani na daftari langu. Vipimo vimenishangaza. Jiwe la karati 1.00 lina upana wa milimita 6.28 na kina cha milimita 4.06, yaani kina ni asilimia 64.6 ya upana, na kiuno kimeandikwa kuwa kinene. Jiwe la karati 0.90 lina upana wa milimita 6.20 na kina cha 3.83, ambacho ni asilimia 61.8. Kwa maneno mengine, tofauti ya upana haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, ilhali tofauti ya uzito ni asilimia kumi na moja. Uzito uko tumboni, kama alivyosema mzee.

Niliomba tutoke nayo hadi barazani. Muuzaji hakupenda, lakini alikubali baada ya kumwita mlinzi asimame karibu nasi. Kivulini jiwe dogo lilimeta ukingo hadi ukingo, na kubwa lilikuwa na duara la kiza katikati. Ukungu sikuuona. Doa la SI2 nililiona kwa lenzi, na baada ya kujua lilipo nikawa naliona hata bila lenzi. Mawe yote mawili yameandikwa kuwa ni asilia.

Limebaki jambo moja. Nitajuaje kwamba cheti ninachopewa ni cha jiwe hilohilo? Na vipi kuhusu majaribio ya nyumbani, kama kulipulizia pumzi, kukwaruzia kioo, au kulipiga nyundo, ambayo mjomba wangu anayasisitiza kwa nguvu?

Sonara Mstaafu:

Mjomba umsalimie, lakini nyundo aiache huko huko kwake. Ugumu wa almasi ni wa kutokukwaruzwa. Ukiipiga katika mwelekeo wa tabaka zake hupasuka kama kuni kavu, na wakataji wa zamani waliutumia udhaifu huohuo kuigawa. Kukwaruzia kioo hakuthibitishi kitu, kwani yakuti na moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, hukwaruza kioo vilevile. Pumzi hutoweka haraka juu ya almasi kwa sababu inapitisha joto upesi kuliko kioo, lakini moisanaiti nayo hupitisha joto vizuri, na hata vile vikalamu vya kupimia joto inavidanganya. Moisanaiti utaigundua kwa lenzi: itazame kwa mshazari kupitia mojawapo ya nyuso za juu, utaona kingo za nyuso za chini zikijirudia mbilimbili, kama maandishi yanavyojirudia mtu akiwa na homa. Katika almasi kila ukingo ni mmoja.

Kuhusu cheti, mawe mengi ya GIA huchorwa namba ya cheti kwenye kiuno kwa leza, kwa herufi ndogo ambazo jicho halizioni. Mwombe muuzaji aliweke jiwe chini ya hadubini au lenzi yenye nguvu, uisome namba mwenyewe, kisha uiingize kwenye tovuti ya GIA kwa simu yako, si kwa simu yake, ulinganishe uzito na vipimo hadi nukta ya mwisho. Kama kiuno hakina namba, utumie ramani ya madoa iliyochorwa kwenye cheti, kwa kuwa hakuna mawe mawili yenye madoa yanayofanana kabisa.

Niwasimulie kwa nini ninasisitiza hilo. Miaka ya nyuma mama mmoja aliniletea pete niipanue. Jiwe lilikuwa linang'aa vizuri, na cheti alichokuwa nacho kilisema VS1, daraja moja juu ya VS2. Sikujisumbua kulinganisha. Nilipoipasha dhahabu kwa moto, nyufa zilizokuwa zimejazwa glasi zilijitokeza mbele ya macho yangu, jiwe likawa kama barafu iliyokanyagwa. GIA haitoi cheti cha madaraja kwa almasi iliyojazwa namna hiyo, kwa hiyo karatasi ile ilikuwa ya jiwe jingine kabisa. Aliyemuuzia alikuwa amekwisha kuhama mji, na mimi ndiye niliyebaki na lawama, na kwa haki, kwa sababu lenzi ilikuwa mfukoni mwangu.

Kwa hiyo, mwalimu, lichukue hilo la 0.90, lakini lisome likiwa huru, kabla halijawekwa kwenye pete, maana kucha za dhahabu zinaweza kuifunika namba pamoja na kiuno kizima. Kisha, kama unaweza, kaa hapo fundi akilifunga. Likikamilika, liangaliwe tena kwa lenzi mbele yako, na namba ya cheti iandikwe kwenye risiti pamoja na vile vipimo vya milimita ulivyonavyo kwenye daftari.

Mwalimu wa Ilemela:

Nimeelewa, mzee. Fundi amenipa nafasi Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda. Mchumba wangu anakuja pia, na ameomba lenzi ashike yeye.